Shehena Iliyochelewa Haina Mwenyewe

Januari 2008, siku chache baada ya matokeo ya uchaguzi mkuu wa Kenya kutangazwa na nchi kuwaka moto, wafanyabiashara wa Uganda waliotegemea bandari ya Mombasa walijikuta katika makundi mawili. La kwanza ni la waliochomewa au kuporwa mali barabarani. Hao walilia, lakini walikuwa na cha kuonyesha: bodi ya lori lililoungua, ripoti ya polisi, namba ya kontena. La pili, na ndilo lililokuwa kubwa, ni la wale ambao mali yao haikuguswa na mtu. Ilisimama tu, bandarini Kilindini, Nairobi au Nakuru, huku mbegu zikipitwa na msimu, dawa zikikaribia kuisha muda na mkopo wa benki ukizaa riba kila kukicha. Malori yaliyoibeba yalipofika mpakani, Malaba na Busia, afisa wa forodha alikagua, akaona lakiri haijavunjwa na mzigo umetimia, akagonga muhuri. Kwa makaratasi hakuna kilichopotea, ilhali mwenye mali alikuwa amefilisika. Kundi hili la pili halijawahi kupata mtetezi. Hoja ya makala haya ni kwamba katika biashara ya wakati wa vita kusubiri huua wengi kuliko risasi, na kwamba tangu enzi za matanga mpaka leo, sheria na bima zimekataa makusudi kuubeba mzigo huo.

Tuanze na matanga, kwa sababu huko ndiko kanuni zenyewe zilikozaliwa. Uingereza ilipopigana na Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, merikebu ya biashara iliyosafiri peke yake ilikuwa windo la manowari na la maharamia wenye vibali vya serikali. Bunge la London likapitisha sheria mwaka 1798: merikebu za biashara ya ng'ambo zisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa manowari, na nahodha atakayetoroka msafara apigwe faini. Usalama uliongezeka, lakini tazama bei yake. Aliyekuwa tayari mapema alimsubiri aliyechelewa kupakia. Wote walipokuwa tayari, walisubiri manowari. Manowari ikifika, wakasubiri upepo, na upepo mzuri ulikuwa umeshapita wiki mbili nyuma. Baharini, chombo kibovu kuliko vyote ndicho kilichoamua mwendo wa wote. Mwisho wa safari, shehena za mamia ya vyombo ziliteremshwa kwa pamoja na bei ya sukari ikaporomoka sokoni. Aliyenusurika kutekwa na adui alitekwa na soko. Tena msafara haukuwa kinga kamili: kabla hata ya sheria hiyo, Agosti 1780, Wahispania na Wafaransa waliufumania msafara mmoja wa Waingereza katika Atlantiki wakakamata vyombo 55 kwa mkupuo.

Kwetu, tanga lilikuwa na sharti kali zaidi. Jahazi la Bahari ya Hindi halisafiri siku nahodha atakayo. Husafiri siku msimu utakayo. Kaskazi hulileta kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Novemba au Desemba, kusi hulirudisha kuanzia Aprili. Kwa chombo cha namna hiyo, kuchelewa hakuhesabiki kwa siku. Nahodha aliyezuiliwa siku kumi bandarini mwanzo wa msimu alipoteza siku kumi. Aliyezuiliwa siku kumi zile zile mwishoni mwa msimu alipoteza mwaka mzima, pamoja na mishahara ya mabaharia na mbao za chombo zilizoendelea kuliwa na mchwa wa baharini. Ndiyo maana vita vya 1914 viliwaumiza wenye majahazi hata pale walipokuwa hawana ugomvi na yeyote. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Machi 1915 Waingereza walitangaza kuuzingira mwambao wote wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tangu hapo kila tanga lililoonekana upande huo lilishukiwa kupeleka chakula au habari kwa adui. Kusimamishwa, kupekuliwa na kuvutwa hadi bandari ya ukaguzi kukawa jambo la kawaida. Aliyekutwa na hatia alipoteza chombo. Aliyekutwa safi aliachiliwa aende zake, bila hata senti ya fidia kwa upepo uliompita.

Msomaji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini mtu anayeishi zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka baharini. Yanamhusu, kwa sababu ukanda wake nusura uwe bandari kuu, na historia ya kukosa kwake bandari hiyo ni historia ya mzigo uliocheleweshwa. Reli ya Uganda ilipopangwa katika miaka ya 1890, mwisho wake uliokusudiwa ulikuwa Port Victoria, ambayo leo imo katika Kaunti ya Busia. Barabara ya mikokoteni ya Kapteni Sclater, iliyochongwa kutoka Kibwezi mwaka 1895 na 1896, ilielekezwa upande huo huo. Ziwani hapakuwa na meli ya moshi. Kulikuwa na mitumbwi ya Waganda na Wasoga, na majahazi machache ya wafanyabiashara na wamisionari ambayo tangu miaka ya 1870 yalikuwa yameingizwa katika kila ugomvi wa Ukerewe na Buganda. Ikaletwa meli ndogo ya mvuke, William Mackinnon, kutoka Scotland. Ilikuja vipande vipande, kila kipande kimekatwa kwa kipimo cha bega la mpagazi, kikabebwa kutoka pwani. Mwaka 1897 askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza wakaasi. Walianzia Ravine, wakashika ngome ya Luba huko Busoga, na misafara yote ya bara ikageuzwa kubeba risasi na chakula cha jeshi. Wanandi nao walikuwa wakiipinga njia iliyokatiza nchi yao, na chuma cha wageni kwao kilikuwa nyara yenye faida. Baadhi ya vipande vilipotea njiani, vingine vikalala vichakani. Meli ilishushwa majini Juni 1900, na iliposhuka ilishuka Kisumu, kwa kuwa upimaji wa ziwa uliofanywa wakati huo ulionyesha ghuba ya Kisumu inafaa zaidi. Reli ikafika hapo Desemba 1901. Vita havikuizamisha William Mackinnon. Viliichelewesha tu, na katika miaka hiyo ya kungoja ramani ya biashara ikahama. Port Victoria ikabaki soko la samaki.

Tororo ilipata zamu yake baadaye, njia ya reli ilipopitishwa Eldoret na kuingia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha ikafika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo mji huo ukawa koo la nchi: kahawa na pamba hutokea hapo, mafuta na chumvi huingilia hapo. Koo likibanwa, mwili wote hutweta. Lilibanwa mwaka 1976. Februari mwaka huo Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Julai makomando wa Israel wakashambulia Entebbe na ndege zao zikajazwa mafuta Nairobi. Katika uhasama uliofuata, Kenya ilidai huduma na bidhaa zilipwe kwa fedha yake, na malori ya mafuta yakakwama upande wa mashariki wa mpaka. Hapakuwa na vita vilivyotangazwa. Hata hivyo Uganda iliishiwa petroli, na mapatano yakafikiwa Nairobi mwezi Agosti. Katika miaka hiyo hiyo, wakulima wa kahawa wa upande wa Mlima Elgon walikuwa wameshapata njia nyingine. Baridi kali iliyoua mikahawa ya Brazil Julai 1975 ilipandisha bei duniani, na soko la Chepkube, mpakani, likageuka bandari isiyo na maji: magunia kwa baiskeli, kwa punda, kwa vichwa vya watu, usiku. Wanauchumi huita hali hiyo magendo na kuishia hapo. Mimi naiona kama jibu la kawaida la biashara iliyozingirwa. Jahazi dogo lililopita mwambaoni mwaka 1915 bila kuonekana na manowari, na baiskeli iliyopita Chepkube mwaka 1977, vilikuwa vinauza kitu kimoja: muda.

Desemba 1987 milio ya bunduki ilisikika Busia yenyewe, kati ya vikosi vya Kenya na Uganda, na mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa hadi Rais Moi na Rais Museveni walipokutana Malaba kabla ya mwaka kuisha. Wengi waliokufa kibiashara wiki ile hawakuwa wenye malori. Walikuwa akina mama wanaovuka na ndizi, nyanya na samaki wabichi wa Majanji na Sio Port, watu ambao mtaji wao wote huisha kati ya asubuhi na jioni. Kwa mwenye kontena la mabati, siku nne ni kero. Kwa mwenye beseni la samaki, ni sawa na nahodha aliyepitwa na kaskazi.

Turudi basi 2008, ambako picha ni kamili. Mafuta ya Uganda husafiri kwa bomba kutoka Mombasa hadi Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa kwenye malori ya matangi kwenda Malaba na Busia. Eldoret na Kisumu ndiyo miji iliyokuwa katikati ya ghasia. Reli iling'olewa Kibera. Barabara za Naivasha, Timboroa na Burnt Forest zikawekwa mawe na magogo. Hifadhi ya taifa ya mafuta ya Uganda pale Jinja, iliyojengwa kubeba lita milioni 30, ilikuwa karibu tupu, uzembe ambao hauwezi kutupiwa Kenya. Bei za petroli Kampala zikaruka zaidi ya mara mbili. Serikali ya Kenya ikaleta dawa ile ile ya 1798: misafara ya malori chini ya ulinzi wa polisi. Na dawa ikaleta maradhi yale yale. Lori lililopakiwa mapema lilisubiri msafara ujae. Lori bovu kwenye mlima wa Timboroa liliamua mwendo wa yote. Na msafara ulipofika mpakani, malori yaliyozoea kufika moja moja usiku na mchana yalifika kwa pamoja. Ofisi ya forodha iliyopangiwa mkondo sasa ilipokea mafuriko. Foleni iliyoondolewa Nakuru haikufutwa. Ilihamishiwa Malaba, ambako madereva walipikia chini ya matrela, wakioga kwa kulipia ndoo, na kulala kwenye kebini miguu ikining'inia dirishani kwa kuogopa wezi wa mafuta na maturubai.

Sasa tuingie kwenye kiini, yaani makaratasi. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo Kenya na Uganda zimeifuata kwa karibu katika sheria zao, inasema katika kifungu cha 55 kwamba, isipokuwa hati ya bima iseme vinginevyo, aliyekata bima halipwi hasara iliyosababishwa na kuchelewa, hata kama kuchelewa kwenyewe kumesababishwa na hatari iliyokatiwa bima. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Umekatia bima ghasia, ghasia zikafunga njia, shehena ikaoza kwa sababu njia imefungwa, hulipwi. Wangeichoma, ungelipwa. Kanuni kongwe ya bahari ya kugawana hasara, ile inayosema mzigo ukitupwa majini kuokoa chombo basi wote waliookoka wamchangie mwenye mzigo uliotupwa, nayo katika sura yake ya kisasa imeuondoa ucheleweshaji. Kuna zaidi. Tangu 1937 makampuni ya bima ya London yalikubaliana kwamba hatari ya vita hukatiwa bima shehena ikiwa majini tu. Ikiteremshwa gatini Kilindini, kinga ya vita inakoma. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Tororo, ambaye safari yake ngumu inaanza pale meli inapomaliza yake, ana bima ya vita kwa sehemu ya njia isiyo na vita. Kuna bima ya ghasia na migomo kwa nchi kavu, lakini nayo, kwa kawaida, haina habari na kuchelewa.

Mahakama nazo? Kampuni moja, Modern Holdings, ilifungua shauri namba 1 la mwaka 2008 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, dhidi ya Mamlaka ya Bandari za Kenya, kwa hasara iliyohusishwa na kukwama kwa shehena wakati wa ghasia. Mahakama ilisema haina mamlaka ya kulisikiliza, kwa kuwa Mamlaka hiyo si taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kisheria uamuzi huo unaeleweka. Kibiashara, ulimwacha mlalamikaji pale pale walipoachwa manahodha wa 1915.

Yako mapingamizi, na si mepesi. La kwanza: yaliyotokea 2008 hayakuwa vita, na kuyaita hivyo ni kukuza mambo. Ni kweli hayakuwa vita vya majeshi, ingawa yaliua watu zaidi ya 1,000 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Lakini shehena haina uraia wala siasa. Kwake swali ni moja, nani ana uwezo wa kuisimamisha na kwa muda gani, na mbele ya swali hilo kijana mwenye jiwe Burnt Forest na manowari yenye mizinga ni kitu kimoja. La pili lina uzito zaidi: bila misafara malori mengi yangechomwa na madereva wengi kuuawa, basi ni ukosefu wa shukrani kulalamikia foleni. Sibishi hata kidogo kwamba misafara iliokoa roho za watu. Ninachopinga ni kwamba gharama ya uokoaji huo, ambao ulimnufaisha kila mwenye mali, ililipwa na wale tu ambao mali yao haivumilii kungoja. Mwenye mabati alilindwa bure kwa hasara ya mwenye dawa.

Wapo wanaosema Uganda ijitafutie njia ya Tanzania na yatakwisha. Ilishajaribu. Katika miaka ya 1980 ilinunua meli za kubeba mabehewa, Kabalega, Pamba na Kaawa, ili mizigo ipite Mwanza na Dar es Salaam. Mei 2005 Kabalega iligongana na Kaawa ikazama, na ghasia za 2008 zilipofika njia hiyo ilikuwa haina nguvu ya kubeba taifa. Njia ya pili ni muhimu, ila nayo hupita majini na mipakani, na hucheleweshwa kama ya kwanza. Kuanzia Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu yalilazimisha meli nyingi za Ulaya na Asia kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikiongeza wiki moja hadi mbili za safari. Hakuna njia mbadala ya Tanzania inayotibu jambo hilo.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la makampuni ya bima yenyewe: kuchelewa hakupimiki, kila mzembe atadai fidia, na mfuko utakauka. Enzi za matanga yalikuwa na haki. Nani angejua kama nahodha alizuiliwa na manowari au alilala Lamu harusini? Leo hoja hiyo imezeeka. Tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia lakiri za kielektroniki kufuatilia shehena za kwenda nchi jirani kutoka Mombasa. Lakiri inajua lori lilisimama wapi, saa ngapi, kwa muda gani. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kinarekodi saa ya kuingia na ya kutoka. Serikali ikitangaza msafara au ikifunga barabara, saa ya tangazo inajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa.

Na huyo anaweza kupatikana bila kubuni taasisi mpya. Agosti 1914, bima za kibinafsi ziliposhindwa, serikali ya Uingereza yenyewe ilianza kukatia shehena bima ya vita ndani ya siku chache, kwa sababu ilitambua kwamba taifa linalotegemea bahari halimwachii mfanyabiashara mmoja mmoja hatari ya taifa. Sisi tunayo taasisi ya bima ya biashara ya Afrika, iliyoanzishwa 2001 ikiwa na makao makuu Nairobi, yenye Kenya na Uganda miongoni mwa waasisi wake, na kazi yake ni hatari za kisiasa. Tunao Mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini, yaani wa njia hii ya Mombasa, uliotiwa saini 1985 na kufanyiwa marekebisho 2007. Tunao hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao nchi zote mbili zimeuridhia, na ambao unazitaka nchi za kupitia zichukue hatua kuepusha ucheleweshaji wa mizigo ya nchi zisizo na bahari. Mchango mdogo kwa kila kontena linalovuka Malaba na Busia wakati wa amani ungetosha kuanzisha mfuko wa kulipa siku za kungoja wakati wa ghasia, kwanza kwa dawa, mbegu na vyakula, na kwa kiwango kilichotangazwa mapema ili pasiwe na ubishi. Akina mama wa beseni wahesabiwe pia, kwa utaratibu wao rahisi, la sivyo mfuko utakuwa wa wenye makontena peke yao.

Mawaziri wa biashara na uchukuzi wa Jumuiya wanaweza kuliweka jambo hili mezani wakitaka, na vyama vya wafanyabiashara na vya wenye malori, Kampala na Mombasa, vinaweza kuwalazimisha wasipotaka. Kwa sasa kifungu cha 55 kipo kama kilivyoandikwa mwaka 1906. Kabla ya kutia saini hati yako ya bima, mwambie wakala akusomee sehemu inayohusu kuchelewa.